Asubuhi Kabula Alipojipeleka Shule

Nakumbuka asubuhi moja hapa Pasiansi, Mwanza, nilipokimbia pembezoni mwa ziwa, miguu mitupu, nikiita jina la binti yangu, Kabula, mpaka sauti ikakauka. Lakini ngoja. Nikianzia hapo hutanielewa. Nianze na ugomvi uliotufikisha pale.

Juzi ulipokuja kunisalimia, mwanangu, maana nyie kina mama vijana wa mtaa huu wote nawaita wanangu, shikamoo yenyewe uliitoa macho yakiwa kwenye simu. Picha za shule unazomtafutia mwanao. Hii ya Kiingereza ina bembea, hii ya masista ina nidhamu, hii ya serikali iko karibu na nyumbani. Chai uliiacha ikapoa. Sikukukaripia, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe wa zamani, wewe hujakuwepo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinahama mahali pake. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, watu wanapunguzwa. Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo. Nikarudishwa nyumbani, nikanunua cherehani. Baba Kabula, Msukuma wa Magu, yeye alipata kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara, na kila akirudi alikuja na habari ya mtu aliyepandishwa cheo kwa sababu ya Kiingereza, au aliyepitwa kwa sababu hiyohiyo. Shule za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka mjini. Nyumba ambayo jana walikuwa wanaishi watu, leo unakuta imechorwa twiga na herufi ukutani, na getini kuna mlinzi.

Hapo ndipo Baba Kabula alipotaka mtoto wetu aende. Mimi sikutaka. Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimelelewa na masista, na kila nilichojua kukifanya vizuri walinifundisha wao. Nilitaka Kabula aende kwao, kwenye bweni lao ng'ambo kule Bukoba. Unapanda meli Mwanza jioni, unaamka umefika.

Shule ya serikali hatukuitaja hata siku moja. Ilikuwa hapo jirani, tukipishana kila asubuhi na watoto wake wenye fagio na vidumu vya maji. Tulijua madarasa yamefurika, tulijua wanakaa chini. Kwetu sisi mjadala wake ulikuwa umekwisha kabla haujaanza.

Basi tukabishana wiki nyingi. Tukila tunabishana, tukienda kanisani, maana alikuwa ananisindikiza, tunabishana njiani. Mtoto mwenyewe, mpole, mwenye macho ya kuchunguza, alikuwa anacheza hapohapo miguuni petu.

Jioni moja mambo yalizidi. "Dunia imebadilika, Mama Kabula," akaniambia. "Unataka na yeye aje aketi kwenye cherehani kama wewe?"

Hilo liliniuma. "Na wewe unataka ajue gudi moningi, asijue kuamkia wakubwa?"

"Afadhali hiyo kuliko kumpakia melini kama mzigo. Mtoto mdogo hivi!"

"Basi wiki ijayo naondoka naye," nikasema. "Masista wameshanikubalia."

Hawakuwa wamekubali. Sikuwa hata nimewaandikia. Nilisema ili nishinde, nikaenda kulala nikiwa nimeshinda.

Asubuhi Baba Kabula alikwenda kazini. Mimi nikachota maji, nikakoroga uji, nikamwita Kabula. Kimya. Nikatazama chumbani, uani, chooni, kwa majirani. Hayupo. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo ziwani wakasema walimwona mtoto mdogo anashuka njia ya huku, hawakumtilia maanani.

Mwanangu, ukiishi kando ya ziwa, mtoto akipotea mawazo yako yanakwenda sehemu moja tu. Nilikimbia. Nilifunua matete kwa mikono mpaka yakanikata. Wavuvi wakaingia majini hadi kifuani wakipapasa kwa makasia. Kila walipoinama moyo wangu ulisimama, na kila walipoinuka mikono mitupu sikujua nishukuru au nilie. Mtu akakimbilia kiwandani, na Baba Kabula akaja mbio na mabuti yake meupe ya kazi, akapitiliza moja kwa moja majini, mabuti yakajaa. Tulipokutana pale kwenye maji, yule mwanamume ambaye wiki nzima nilikuwa simtazami usoni, akanishika mabega.

"Ni mimi," akasema. "Alinisikia. Nimesema mzigo."

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetaja meli."

Jua lilikuwa limeshapanda jirani yetu mmoja alipokuja akipunga kanga yake tangu mbali. Alikuwa amempelekea mwanawe kiporo shuleni. "Yupo!" alipiga kelele. "Kabula yupo shule! Yuko darasani anasoma a, e, i, o, u!"

Tulikwenda vilevile tulivyokuwa, tumelowa. Shule ya serikali, ile tuliyokuwa tunaipita kila siku. Kupitia dirisha lisilo na kioo nikamwona mwanangu amekaa sakafuni, amebanwa na wenzake kushoto na kulia, anaandika hewani kwa kidole pamoja na darasa zima. Nilitaka kuingia nimnyakue. Mwalimu akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Alikuwa mama wa Kikurya, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Tukamwamkia.

"Marahaba. Nilituma mtu kwenu, akakuta nyumba tupu. Huyu binti amefuatana na watoto wa mtaa wenu waliopitia ziwani kujaza vidumu. Nimemwuliza shida yake, akasema, 'Nimekuja kuandikishwa, nisipakiwe kwenye meli.'" Akatutazama mmoja mmoja. "Nyie mnamtafutia nani shule?"

Baba Kabula akajaribu kumweleza habari za Kiingereza, nami nikaingiza za masista. Akatusikiliza, kisha akasema:

"Baba unatafuta Kiingereza ulichokikosa wewe. Mama unawatafuta masista waliokulea wewe. Huyu mtoto ni mwoga wa kitu gani? Anachelewa wapi, anawahi wapi? Mmeshakaa mkamwangalia?" Halafu akapunguza sauti. "Sisemi mmlete hapa. Hapa wako wengi, mimi ni mmoja, na ziko siku sifiki kwa mtoto wa ukuta wa nyuma. Mkimwacha hapa, jioni kaeni naye. Mkimpeleka kwingine, jioni kaeni naye vilevile. Hilo haliuzwi na shule yoyote."

Tulimwacha pale. Usifikiri nilitulia. Mwaka mzima nilikuwa nasimama kwenye lile dirisha, naondoka, narudi. Mtoto wa jirani aliyekwenda shule ya Kiingereza akiimba Kizungu uani, naacha cherehani nimsikilize. Lakini jioni niliweka nguo za wateja pembeni, Kabula akasoma juu ya meza ya cherehani, baba yake akiuliza hesabu huku anavua mabuti. Ndipo tukaanza kumjua. Kumbe penye watu wengi anajisikia salama, ila akiitwa mbele peke yake maneno yanamkauka.

Yule mwalimu alipostaafu, aliyemfuata alikuwa haonekani darasani. Tukahangaika upya, lakini safari hii tulimketisha Kabula mwenyewe, tukaenda naye kutazama, na akahamia kwa masista wa mjini, kutwa, anarudi nyumbani. Mdogo wake, msemaji kama redio, tulimpeleka shule ya Kiingereza na ilimfaa kweli. Kwa hiyo usiende kusema bibi wa Pasiansi anapinga shule fulani. Sipingi hata moja. Leo Kabula anaishi Kiseke, hapahapa Mwanza, na watoto wake, na wiki iliyopita alinipigia simu: "Mama, nimwandikishe wapi huyu wa mwisho?" Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Basi, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Kabla hujaenda kutazama geti la shule, mtazame mtoto. Kamwone mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye atakayeshinda naye, wala si mwenye shule. Usimchagulie mtoto ili uwafunge midomo majirani, au mumeo. Mkitaka kubishana, bishaneni mbali na masikio yake, maana mtoto hajui kutofautisha maneno ya hasira na maneno ya kweli, yote anayachukua. Ukishachagua, mpe nafasi asome. Ukiona pamekosewa, hamisha bila aibu. Na wasiwasi hautaisha. Usiusubiri uishe ndipo uamue.

Mungu akuongoze, wewe na mwenzio. Ampe mwanao mwalimu mwenye moyo. Akubakizie nguvu kidogo jioni, baada ya kazi na foleni na moshi wa jiko, mtoto akirudi umwulize leo mmefundishwa nini, na usikilize jibu lake mpaka mwisho.