Saa Ikilia, MaMchunu Anatembea

Ni saa tisa na nusu alasiri, na Bajabulile Mchunu anavuta shuka la mwisho kutoka kwenye mashine iliyo kubwa kuliko jiko la nyumbani kwake. Chumba cha kufulia cha hospitali hii ya Maritzburg, Afrika Kusini, kina joto la kutoa jasho hata ukiwa umesimama tu. Fulana yake imelowa hadi kiunoni. Analitupa shuka kwenye toroli, anajifuta uso kwa kiganja, kisha anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kubadilisha viatu.

"Usiniulize kama nimechoka," anasema, kabla hajaulizwa. "Leo wameshaniuliza watu tisa."

Ana umri wa miaka sitini na miwili. Kazini na mtaani kwake Edendale wanamwita MaMchunu. Kutoka hapa hadi mlangoni kwake ni kilomita kumi na moja, na atazikimbia. Hapo ndipo karaha yake ya kila siku inapoanza.

Hajamaliza kilomita mbili, gari dogo jeupe linapunguza mwendo kando yake. Dereva anashusha kioo.

"Bibi, panda nikusogeze."

"Niko mazoezini, baba."

"Mazoezi gani, na wewe unatembea?"

Anatembea kwa sababu saa aliyovaa mkononi imelia. Daktari ameipanga ilie kila mapigo ya moyo wake yanapozidi mia na arobaini kwa dakika. Ikilia, ni lazima atembee mpaka mapigo yashuke. Maelezo hayo amewapa madereva wengi kiasi kwamba sasa anapunga mkono tu, huku amekunja uso.

"Nikikimbia, wanasema nitakufa," anasema. "Nikitembea, wanasema nimeshakufa nusu. Sasa niende vipi? Nitambae?"

Alianza kukimbia akiwa na miaka thelathini na mmoja, na wala hakuwa na nia ya michezo. Madereva wa mabasi waligoma kwa wiki tatu, na msimamizi wake wa wakati ule hakuwa mtu wa kusikiliza sababu. Siku ya kwanza alifika kazini akihema, siku ya kumi alifika akiimba. Mabasi yaliporudi, hamu ya kupanda ilikuwa imemwisha.

Baada ya hapo alikimbia mara kumi na nne zile mbio kubwa za kwenda Durban, kilomita zipatazo tisini, na kila mara alimaliza kabla ya saa kumi na mbili za mashindano kwisha. Kesho yake alikuwa kazini, akishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja yaligoma kushuka kwa njia ya kawaida.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, alianguka katikati ya mashine mbili. Wenzake walidhani ameteleza kwenye sabuni. Moyo wake ulikuwa umepoteza mpangilio, unadunda kama kuku aliyefungiwa kwenye gunia. Alilazwa siku kumi na moja, na madaktari wakapitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni ili kuchoma sehemu iliyokuwa ikileta vurugu.

"Nililalia mashuka niliyofua mwenyewe," anakumbuka. "Moja lilikuwa bichi. Nikamwita nesi, nikamwambia, nani aliyekausha hili? Akasema, mama, pumzika. Hapo ndipo neno hilo lilipoanza. Pumzika, pumzika, pumzika."

Alipumzika miaka miwili na miezi mitatu. Akina mama wa kanisani walikuja kumwombea atulie. Binti yake, Hlengiwe, anayeuza dawa katika duka moja mjini, alikwenda mbali zaidi. Alivichukua viatu vya mbio vya mama yake akavificha ndani ya pipa la unga wa mahindi.

"Ningefanya nini?" anauliza Hlengiwe, mwenye miaka thelathini na minne. "Huyu mama hasikii. Ukimwambia keti, anauliza kwa dakika ngapi."

"Na wewe ukaona uviweke kwenye chakula," anajibu mama yake. "Tumekula uji wenye harufu ya soksi wiki nzima."

Daktari ndiye aliyeumaliza ugomvi. Baada ya vipimo vya mwisho alisema anaweza kurudi barabarani, mradi aitii saa. Hlengiwe aliinunua saa hiyo mwenyewe, akamfunga mama yake mkononi na kumwapisha.

Mashindano ya kwanza yalikuwa mwezi wa tano, kilomita hamsini kwenye vilima vilivyo juu ya Howick. Washiriki walipewa saa saba. Zikitimia, filimbi inapulizwa na lango linafungwa, na anayefika baadaye jina lake haliandikwi.

Alikimbia pamoja na Vusumuzi Zondi, dereva wa lori la mikate, rafiki yake wa barabarani kwa miaka kumi na tisa. Zondi ana miaka hamsini na minane na mdomo usiochoka. Kila mara saa ya MaMchunu ilipolia, naye alitembea, akiendelea kusimulia habari za shemeji yake. Walipofika kilomita ya thelathini na nane, MaMchunu akasimama.

"Zondi, ondoka."

"Nimekukosea nini, dada?"

"Unanisindikiza kama maiti. Nenda kamalize mbio zako."

"Nikikuacha ukaanguka, Hlengiwe atanila mbichi."

"Usiponiacha, nitakutafuna mimi kwanza. Nenda!"

Zondi akaenda. MaMchunu akabaki peke yake na mashamba ya miwa na saa yake. Alipokifikia kibao cha kilomita ya arobaini na tisa, alikuwa na dakika kumi na mbili mkononi. Zamani angeimaliza kilomita moja kwa nusu ya muda huo. Lakini mbele yake palikuwa na mlima, na alipokimbia hatua thelathini tu saa ikalia.

Akatembea. Mapigo yakashuka, akakimbia, ikalia tena. Akaitukana kwa sauti, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akigawa maji akamwomba radhi bila kujua kosa lake.

Juu ya mlima alisimama Hlengiwe. Alikuwa amekuja na chupa ya chai ya tangawizi, koti na sura ya mtu aliyejiandaa kumchukua mgonjwa. Kutoka hapo lango lilionekana, na saa kubwa iliyokuwa juu yake pia. Hlengiwe aliitazama saa, akamtazama mama yake anayetembea, na kitu kikamtoka ambacho hata yeye hakukitarajia.

"Mama, kimbia!" alipiga kelele. "Achana na hiyo saa! Kimbia, zimebaki dakika mbili! Kimbia!"

Alikuwa akirukaruka, chai inamwagika kwenye viatu vyake.

"Niliona nina wazimu," anakiri Hlengiwe sasa. "Miaka yote namkataza, halafu siku hiyo nataka niende nimsukume."

MaMchunu alimpita bila kuongeza hata hatua. "Nyamaza, Hlengiwe," alimwambia. "Unanipandisha mapigo."

Filimbi ilipulizwa akiwa bado na mita zaidi ya mia moja za kwenda. Alifika kwa saa saba, dakika moja na sekunde arobaini na nane. Lango lilikuwa limefungwa, na kijana wa medali alikuwa akikunja kitambaa cha meza. MaMchunu aliegemea uzio na kulia kwa hasira, machozi makubwa, huku Zondi akitafuta pa kujificha.

Kwa nini hakukimbia? Swali hilo linamuudhi kuliko yote.

"Wao hawakuwa pale chini, katikati ya mashine," anasema. "Mimi nilikuwa pale. Ningeikimbia ile kilomita moja, ningepata medali. Mimi sitaki kilomita moja, nataka zote zilizobaki."

Anasema kilichomkera zaidi ni pole. Alipewa pole na wasimamizi, na kanisa zima, na nesi yuleyule wa shuka bichi. Ni Hlengiwe peke yake ambaye hakusema pole. Siku ya pili yake alikuja na karatasi na kalamu, akaketi mezani kwa mama yake, na wakapiga hesabu pamoja wapi dakika zilipotelea.

Mwezi wa tisa kuna mashindano mengine ya kilomita hamsini, katika vilima vilevile na kwa muda uleule. Akiyamaliza, daktari amekubali wazungumze kuhusu zile tisini za Durban, ambazo zingekuwa za kumi na tano kwake. MaMchunu ameshajiandikisha. Anataka kufika chini ya ule mlima akiwa na dakika ishirini.

"Mlima siwezi kuubadilisha, na moyo ndio huu waliouchoma," anasema, akifunga kamba za viatu. "Lakini tumeona kwenye karatasi. Dakika sita nzima nilizipoteza nikitembea na mapigo yameshashuka, nikisikiliza habari za shemeji yake Zondi. Hizo nazitaka zirudi."