Tawi Lililobaki kwa Mama Mukashyaka

Mama Mukashyaka, jirani yangu hapa Ndosho, mjini Goma, ni mtu wa kununa. Ukimsalimu asubuhi anajibu kana kwamba salamu inauzwa. Lakini zamani ukimkuta chini ya mti wake wa muvumu, anachambua maharage, alikuwa mwingine kabisa: anaimba, tena anakukaribisha ukae.

Mti huo alikuja nao mwenyewe. Mwaka wa 2008 alipokimbia Masisi, mumewe ameshauawa, alikata kijiti kwenye ua wa nyumbani akakifanya mkongojo hadi Goma. Muvumu ni mkaidi. Ukichomeka kijiti kibichi, kinaota. Ila huku kwetu ardhi ni mawe matupu ya volkano. Aliyavunja kwa mtarimbo, akabeba udongo kwa beseni, na sisi tukamcheka. Miaka ilipopita, sisi tuliocheka ndio tuliogombania kivuli. Aliniambia kwamba ni chini ya mti huo tu masikio yake yalipoacha kusikia risasi.

Kisha vita vikarudi, na watu wa kilima chake cha Masisi wakajaa kambini nyuma ya mtaa wetu. Kipindupindu kikaingia. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mzee Sebahire: amezika mjukuu, anaomba kijiti. Kwao kaburi huchomekwa muvumu; bila hivyo, mvua mbili tu na hujui tena mtu wako amelala wapi. Mama alimkatia tawi zuri. Kesho yake wakaja wawili, wiki iliyofuata saba. Aliwakatia wote, na jua likazidi kuingia uani, mpaka likabaki tawi moja.

Ndipo akaja Uwamariya, msichana tu, kitenge cha kubebea mtoto bado kimefungwa mgongoni, kitupu.

"Mama, niko naomba ile inabakia. Ni ya kutia kwa kaburi ya mutoto yangu."

Mama alilishika tawi lile. "Ile hapana, mwana yangu. Ile njo yangu."

Nilikuwepo. Moyoni nilimpa Mama haki. Mtu aliyekwisha kutoa vile, unamdai nini tena?

Mvua zikanyesha. Baada ya miezi miwili Uwamariya alirudi, si kwa kugomba, bali kumwomba Mama amsaidie kutafuta kaburi la mtoto wake. Walikwenda makaburini, nami nikawafuata. Vijiti vya wengine vilikuwa vimeshatoa majani. Kwingine kote ni changarawe nyeusi, imelala sawasawa. Walizunguka tangu asubuhi hadi alasiri. Uwamariya alipiga magoti mahali patatu, na kila mahali alianza sala upya, maana hakujua.

Sasa muvumu umepona na kuchipua pande zote, kivuli kimerudi. Mama anachambua maharage juani, kando ya ukuta, na nikimwambia asogee kivulini anaendelea kuchambua. Inaniuma kumwona. Kila Jumapili baada ya misa huenda na Uwamariya makaburini, wakasali mahali pote patatu.