Wifi Yangu Kafukuzwa kwa Makofi Niliyopiga Mimi

Admin, nifichie jina langu, maana ndugu wa mume wangu wengi wanafuata ukurasa huu. Majina nitakayotaja nayo si yao. Mie ni mama wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mtoni na mume wangu ambaye kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini, huko Kurasini. Tuna mtoto mmoja wa kike, nimwite Nasra. Ana miaka mitano na ana usonji. Maneno yake ni machache, na mengi anayarudia tu kama alivyoyasikia. Kelele zikimzidi, au ukibadilisha kitu alichokizoea, anajitupa chini, anapiga mayowe, anang'ata. Wapita njia wanaona mtoto asiye na adabu.

Kwa miaka miwili aliyekuwa anashinda naye ni dada mkubwa wa mume wangu, nimwite Da Mwana. Aliachika, hakujaliwa mtoto, akaja kukaa kwetu. Nisiwe mnafiki, yule alimjua Nasra kuliko mie niliyemzaa. Kliniki walitupa picha za sura za watu, anayecheka, aliyenuna, anayeogopa, ili mtoto ajifunze kuonyesha anavyojisikia badala ya kung'ata. Mie nilichoka wiki ya kwanza tu. Nimeshinda darasani na watoto tisini, nikifika nyumbani subira imekwisha. Da Mwana alikaa naye mkekani kila siku, mpaka siku moja jirani akawasha blenda, na Nasra badala ya kupiga mayowe akaenda kuchukua picha ya anayeogopa, akampa shangazi yake. Da Mwana alilia kwa furaha. Mie nilisikia wivu.

Miezi mitatu iliyopita kulikuwa na kicheni pati ya binamu wa mume wangu, ukumbini Chang'ombe. Da Mwana alisema tusimpeleke mtoto, muziki utamshinda, yeye yuko radhi kubaki naye. Nikakataa. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kwa nini namficha mwanangu. Nikamvalisha gauni jipya, tukaenda wote watatu, mie, yeye na Da Mwana.

Spika zilipofunguliwa Nasra aliziba masikio, akaanza kulia na kujirusha. Mama mkwe akamvuta mkono amkalishe, Nasra akamng'ata mpaka damu ikatoka. Muziki ukazimwa. Mbele ya wanawake wote wale mama mkwe akaniambia, "Unafundisha watoto wa watu, wako amekushinda." Wapo waliocheka.

Nikambeba Nasra mpaka nyuma ya ukumbi, kwenye jenereta. Nikampiga kofi la shavu, nikamwambia nyamaza. Nikampiga tena. Nikampiga la tatu. Kusema kweli niliokuwa nataka kuwapiga ni wale waliocheka, ila mwenye shavu la karibu alikuwa yeye. Akanyamaza. Nikamfuta machozi, nikarudi ndani.

Kesho yake kikombe chake cha chai kilimwagika. Nasra akajipiga kofi shavu lile lile, akasema, "Nyamaza." Akajipiga tena. Ikawa kila akikasirika ni hivyo, mpaka shavu likavimba. Mume wangu akampeleka kliniki mwenyewe, mie niko kazini. Mtaalamu akamwambia huenda mtoto anaiga kitu alichofanyiwa, kwa hiyo waangalie anashinda na nani.

Mume wangu hakufikiria mara mbili. Jioni ile alimwita dada yake sebuleni, akamuuliza kwa nini anampiga mtoto. Mie nimekaa pale pale. Da Mwana aliniangalia kwanza, kitambo hivi, halafu akasema, "Sijawahi kumpiga Nasra. Mungu anajua." Mume wangu akamwambia akusanye vitu vyake. Sikufungua mdomo. Nilimsaidia hata kukunja khanga zake.

Tangu aondoke mtoto kaharibika kabisa. Anajipiga zaidi, kurudia kung'ata karudia, picha hataki kuziona. Nilimpeleka kituo cha kulelea watoto, siku ya nne wakaniambia hawamuwezi. Sasa niko likizo, na likizo inaisha.

Wiki iliyopita nikamfuata Da Mwana Mbagala, alikopewa hifadhi na rafiki yake. Nilijidai nimekwenda kumjulia hali. Nikamwamkia, akanitengea chai, akaniuliza kama Nasra anakula. Nikamwambia hali ni ngumu. Akaniambia taratibu, "Siku ile nilitoka na maji ya mtoto. Nilikuona, wifi. Makofi yote matatu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mdogo wangu angekuacha. Nikaona bora niondoke mie, mtoto abaki na mama yake. Ila nilijua utasema mwenyewe. Nikangoja."

Jumamosi hii mama mkwe ameitisha kikao cha familia. Wanataka Da Mwana akiri na aombe radhi mbele ya wazee, la sivyo wasimhesabu tena kuwa ndugu. Da Mwana ameniambia atakuja na ataomba radhi, maana anataka tu aruhusiwe kumwona Nasra. Hakunitisha, hakunisimanga. Angenitukana ningepata nafuu.

Mume wangu aliapa kwamba aliyempiga yule mtoto hatamsamehe mpaka anaingia kaburini, na namjua, hasemi mara mbili. Nikisema, naona ndoa imekwisha, na nina hofu ukweni watamchukua Nasra kwamba mie ni hatari kwake. Nisiposema, mtu mzima atapiga magoti kwa kosa langu nami nikiwa nimekaa namtazama. Kila asubuhi naamka nimejiandaa kusema. Mume wangu akiniuliza nina nini, namwambia kichwa kinauma.

Najua mtanitukana, tukaneni, lakini mkimaliza mnisaidie. Nimwambie mume wangu leo tukiwa wawili, au nisimame pale kikaoni mbele ya wote? Na wale mliowahi kumpiga mtoto wa aina hii mkajuta, naombeni mniambie, ile tabia ya kujipiga iliisha? Mlifanya nini ikaisha? Kikao ni keshokutwa.