Morali na Mfuniko wa Sufuria

Neno morali nimelijua redioni, kwenye mpira. Wakisema timu imeshuka morali, mimi nikidhani ni zile kelele za mashabiki. Siku moja nikamuuliza mjukuu wangu anayesomesha Mji Mkongwe.

"Limetoka kwa Wafaransa, bibi, Waingereza wakalichukua, ndipo likafika kwetu. Ni ile hali ya moyo ya kutaka kuendelea na kazi. Lakini huko mbali lilikoanzia, lilihusu mwenendo, yale mtu aliyoyazoea kuyafanya."

Nikamkumbuka shoga yangu wa Paje.

Tulikuwa wanawake sita tukilima mwani. Majina yote nnayo kichwani, ila hawakunituma kuyaandika. Mwaka mmoja maji ya bahari yakawa moto, mwani ukaoza. Ikabaki kamba moja tu ya mbegu hai, yake yeye. Isipogawiwa na kufungwa upya siku ile maji yakitoka pwani, nayo ingekufa, na shamba letu ndiyo basi. Peke yake hawezi kuimaliza. Sisi watano tushakata tamaa. Mimi vijiti vyangu vya kufungia kamba nshaanza kupikia chai.

Asubuhi nikasikia kishindo mlangoni. Ni shoga yangu, kajifunga kanga kiunoni, anapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Kwetu mtu akikosa, wanawake humwendea kundi zima kumsuta kwa ngoma. Yeye kaja kundi la mtu mmoja.

"Toka nje nikusute!"

"Nimekosa nini, shoga yangu?"

"Unapikia chai vijiti vya shamba! Hiyo chai haina chumvi?"

"Mwani umekufa wote, nende nikafanye nini?"

"Na wewe ushakufa?"

"Bado."

"Basi chukua nyuzi za kufungia mbegu, maji yanatoka."

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Nikatoka na nyuzi na vijiti vilivyobaki. Akaenda nyumba kwa nyumba. Mmoja alimtukana, yeye akazidi kupiga. Tulifika majini sita. Tulipofunga uzi wa mwisho, maji yashatufika kiunoni.

Ndipo nikajua kwamba siku zote tulizokaa nyumbani, yeye alikuwa akishuka peke yake kuisafisha kamba ile.

"Wewe hukuhuzunika?" nikamuuliza.

"Nilihuzunika sana. Nikihuzunika huku nasafisha."

Mbegu ile tunaigawa mpaka leo. Juzi nikamweleza habari ya neno lile morali. Akauliza kama hao Wafaransa nao wanalima mwani.

"Sijui."

"Kamuulize mjukuu wako. Lakini kesho; leo njoo na nyuzi."