Mafuta Mdomoni

Mimi sijui kutulia. Hata sasa, tangu nianze kuandika haya, nimeinuka mara mbili kwenda kuangalia mlango, na mlango umefungwa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikitafuta viatu. Lakini wasiwasi ninaotaka kuueleza ulikuwa na sababu. Ulinianza mwaka 1991, siku kaka yangu alipovuka mpaka kwenda Uganda kujiunga na wapiganaji waliopigana na serikali yetu, bila kuniaga, na mama akaniamuru niwaambie watu kwamba amekwenda Bujumbura kuuza nguo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiuza vitenge katika duka la Mhindi mmoja pale Muhima, Kigali. Kutwa nzima watu waliingia, wakapapasa vitambaa, wakauliza habari za nyumbani. Kaka yuko wapi siku hizi? Bujumbura. Biashara inakwendaje? Vizuri. Mwenye ndugu upande wa pili aliitwa icyitso, yaani msaidizi wa adui, na walioitwa hivyo walikuwa wanachukuliwa majumbani mwao, wengine wasionekane tena. Neno moja tu lingenitoka, tungechukuliwa mimi na mama. Kwa hiyo mchana nililinda mdomo, na usiku sikupata usingizi. Baada ya miezi miwili nilikuwa nikipima mita tatu nakata nne.

Aliyeona ni mama mzazi wa tajiri wangu, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi. Baba yake alikuwa mganga huko Gujarat, India, naye aliurithi uganga huo akaja nao mpaka kwetu. Nyuma ya duka, katika chumba kilichokuwa stoo ya mchele, aliwatibu wanawake kwa mafuta na majani. Yeye aliuita Ayurveda. Sisi tulisema tu tunakwenda kwa Bibi.

Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu.

"Wewe iko na upepo mingi kichwani," akasema. "Siku saba nakuja nyuma. Na maharage hapana kula. Maharage naleta upepo."

Kumkataza Mnyarwanda maharage! Nilimuuliza nile nini basi, hewa? Hakucheka. Akaniletea bakuli la mchele uliopikwa na choroko na samli, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

Dawa yake ilikuwa na utaratibu, na ole wako uuvunje. Kwanza unakaa kwenye benchi, unapewa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, unayajaza mdomoni, mashavu yanavimba. Humezi, hutemi. Bibi anawasha kipande cha udi chenye urefu wa kidole, na mpaka udi uungue wote wewe unasubiri kimya. Ukitema kabla ya hapo, siku zako zote zinafutwa, unaanza upya siku ya kwanza. Hakumsamehe mtu; mke wa mchungaji mmoja alirudishwa mwanzo mara mbili. Udi ukiisha, unatema kwenye kopo, unapita nyuma ya pazia, unalala juu ya meza ya mbao. Chungu chenye tundu kinaning'inia juu ya kichwa chako, na mafuta yanashuka kwenye paji la uso, membamba, bila kukatika.

Benchi lile nililipenda kuliko meza. Kigali nzima ilikuwa inaulizana wewe ni nani, wa wapi, nyumbani kwenu analala nani. Pale tulikaa wanawake watatu, mashavu yamejaa, na hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake kitu. Mguu wangu uliendelea kutikisika, lakini moyo ulipumzika kidogo.

Wenzangu wawili nilikuwa nawajua kwa yale waliyosema kabla ya kujaza midomo, nao walinijua mimi kwa habari za Bujumbura. Mmoja alikuwa mama mnene wa mtaani kwetu, mwenye kicheko kirefu, ambaye mume wake ndiye aliyeiandikia serikali majina ya wageni waliolala katika nyumba za watu. Huyo alitibiwa magoti, na kwa umbea angeweza kufungua ofisi. Wa pili alikuwa mke wa askari, anatoka kambini Kanombe. Alikuwa mwembamba na hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alimwambia Bibi kwamba mume wake yuko vitani kaskazini, na kwamba yeye akifumba macho anamwona amelala kwenye matope.

Siku ya sita, usingizi ulinikamata juu ya meza. Baada ya miezi yote ile, nililala kweli. Niliamka Bibi akinipangusa uso kwa kitambaa.

"Leo iko lala vizuri," akasema, amefurahi. "Iko sema mingi."

"Nimesema nini?"

"Iko ita mtu, jina sijui. Iko sema rudi, rudi, Uganda mbali."

Niliteremka mezani. Nilipofungua pazia, wote wawili walikuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka pale nilipolala, mashavu yamejaa. Wakanitazama. Hakuna aliyeweza kusema neno, na mimi sikuthubutu kusubiri udi uishe nisikie watakachosema. Nikatoka na mafuta yakinitiririka shingoni.

Mama sikumwambia. Niliogopa, naukiri woga huo, na nilimkasirikia kaka kwa kuniachia mzigo wa ukimya kisha yeye akaenda zake. Niliwaza kutorudi kwa Bibi. Lakini duka lilikuwa mbele na chumba nyuma, kazi yangu ilikuwa palepale, na mtu anayekimbia anajitangaza mwenyewe. Siku ya saba nikarudi.

Nilichelewa kusudi. Yule mama mnene alikuwa ameshamaliza, anafunga kilemba. Mke wa askari alikuwa anavaa viatu. Bibi akanijaza mafuta mdomoni, akawasha udi, akaingia nyuma ya pazia kusafisha chungu. Nikakaa, mguu unatikisika hata benchi lenyewe linagonga sakafu.

"Yewe, huyu mukobwa wa duka," mama mnene akaanza, akimgeukia mwenzake kama vile mimi sipo. "Jana alikuwa anarara anaita mutu wa Uganda. Ulisikia?"

Nilimtazama mke wa askari. Maisha ya mama yangu yalikuwa mdomoni mwake, na wangu ulikuwa umejaa mafuta.

Akacheka. Siku zote zile sikuwahi kumwona akicheka.

"Masikio yako iko na mafuta, mama," akasema. "Mimi nilikuwa karibu na pazia, nilisikia yote. Ni fiyanse yake. Alikuwa anamulilia arudi kutoka Bujumbura alete ng'ombe, watu wamechoka kungojea harusi."

"Si alisema Uganda?"

"Nani alisema Uganda? Bwana yangu iko anapigana na batu ba Uganda, mimi nisikie hilo neno ninyamaze?"

 Nani angebishana na mke wa askari wa Kanombe? Yule mama akapiga makofi, akaniambia kumbe na mimi ni mgonjwa wa mapenzi, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unaniuliza harusi lini. Mchumba yule wa Bujumbura alinilinda miaka miwili na zaidi, na hakuwahi kuzaliwa.

Mama mnene akatoka. Mke wa askari akainama, akaweka kiganja juu ya goti langu, akalikandamiza mpaka mguu ukatulia.

"Usirare tena mbele ya batu, mwana wanjye," akasema polepole.

Kisha akachukua mkoba wake akatoka. Na yeye pia ilikuwa siku yake ya saba, ya mwisho. Nje nikasikia gari la kambini likiwashwa.

Kaka yangu alirudi mwezi wa saba mwaka 1994. Mama hakuwepo kumpokea. Yule mwanamke wa Kanombe sikumwona tena; sijui alikimbilia wapi na waliokimbia, sijui kama mume wake alitoka kwenye yale matope. Jina lake sikuwahi kumuuliza.

Siku ile ya saba, udi ulikuwa umebaki kipande kidogo sana. Kopo lilikuwa miguuni pangu. Ningeweza kutema, nikakimbia mpaka barabarani nikamwambia asante. Lakini niliogopa Bibi asinirudishe siku ya kwanza, nikabaki pale kwenye benchi, mdomo umejaa, nikisikiliza gari likiondoka.