Fundi wa Nyufa

Karibu mwaka mzima Kweyu alikuwa fundi kama mafundi wengine wa Eastlands. Aliziba, alipiga lipu, alibadilisha mabati yaliyooza. Lakini ukifika msimu wa ukaguzi, watu walewale aliowatengenezea nyumba walimwita tena, safari hii aziharibu.

Wenyewe hawakusema kuharibu. Walisema kuzeesha.

Mtaa wa Bidii, ukishatoka Pumwani, ni nyumba za umma, za mawe, walizojengewa vibarua enzi za wakoloni. Ofisi ya nyumba ilipanga kodi kwa kutazama hali ya nyumba: iliyo nzima kodi juu, iliyo mbovu kodi chini. Mpangaji aliyejinunulia mabati na rangi kwa jasho lake hakuona kwa nini atozwe kwa kosa la kuishi vizuri. Ofisi nayo ilikuwa na hoja yake. Haikuwa na fedha za ukarabati kwa sababu kodi ilikuwa ndogo mno, na kodi ilikuwa ndogo kwa sababu nyumba hazikuwa zimekarabatiwa. Hoja hiyo ilizunguka kama ngamia wa kinu, na kwa kuwa hakuna aliyeumia sana, hakuna aliyeisimamisha.

Hapo katikati ndipo Kweyu alipopata riziki. Madoa ya maji kwenye dari aliyatengeneza kwa chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi. Ukuvu aliuotesha kwa kupaka maziwa lala na kuyaacha yachache. Nyufa ndizo zilizompa jina. Alichanganya masizi na mafuta ya taa, akachovya unyoya wa kuku, akauteremsha ukutani huku mkono ukitetemeka kidogo kwa makusudi, maana ufa ulionyooka ni ufa wa mwongo. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweyu alikuwa amesomesha binti hadi chuo kwa kuchora nyufa, na ukuta wake ulikuwa bado umesimama.

Ufa wa nyumba yake mwenyewe aliuchora daima mahali pamoja, chini ya dirisha la sebuleni. Alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Baba yake aliipata alipokuwa akifanya kazi kiwandani, akafia humo, na mwana akarithi upangaji, ufunguo na deni la maji.

"Baba Nekesa," mkewe Lenah alimwambia mwaka huu, akimtazama akichovya unyoya, "huo ufa umeuzoea hata hutazami mkono unakokwenda."

"Mimi na huu ufa tumekua pamoja."

"Basi uoe huo. Na majani ya chai ununue yako. Mimi nikipika chai ya wageni nakuta umeinywesha dari."

Wakaguzi wakaja. Miaka mingine walikuja makarani wawili waliochoka, wakachungulia mlangoni, wakaenda zao. Mwaka huu walikuja wahandisi wenye kofia ngumu na mkebe wa rangi nyekundu. Walizitazama kuta kwa heshima ambayo kuta za Bidii hazikuwa zimewahi kupewa. Kila nyumba yenye kazi ya Kweyu waliichora msalaba mwekundu mlangoni. Watu wakasimama milangoni wakipeana tabasamu za siri. Msalaba, walidhani, ni kodi kushuka.

Jumapili baada ya ibada wakaitwa ukumbini. Mhandisi kijana aitwaye Mbuthia, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyetumwa, aliwaeleza kwamba ofisi imepata mkopo. Mkopo huo haukuwa wa kukarabati. Ulikuwa wa kujenga maghorofa. Nyumba zilizo nzima zingebaki. Zenye msalaba zilikuwa hatari kwa maisha, zingebomolewa, na waliokuwa wakiishi humo wangekaribishwa kununua vyumba vya ghorofani kwa malipo ya kila mwezi. Akataja malipo hayo. Hata mtu aliyekuwa akipiga miayo alisahau kufunga mdomo.

Asiyeridhika, Mbuthia aliongeza, aombe nyumba yake ikaguliwe tena.

Nje ya ukumbi Teresiah, mwenyekiti wa wapangaji ambaye wote humwita Mama Munene, alimshika Kweyu mkono wa shati.

"Fundi, sisi tulikwambia uzizeeshe. Nani alikwambia uziue?"

"Mama Munene, si wewe ulisema dari yako mwaka jana ilionekana bado mbichi?"

"Nilisema! Sasa tazama, imeiva. Nyumba yangu imepigwa misalaba miwili, utadhani ni kaburi la askofu."

"Nyufa zangu zinafutika," Kweyu akasema polepole. "Sabuni na maji ya moto."

Mama Munene alitazama huku na huku. "Ukizifuta mbele yao umesema tumekuwa tukidanganya tangu zamani. Watatupandishia kodi mpaka tulie."

"Ukipandishiwa kodi, una nyumba ya kulilia."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu wa Bidii wana ada moja: balaa likiwa jipya, huachiwa aliyelileta alionje. Kwa hiyo Kweyu ndiye aliyeomba ukaguzi wa pili, na Jumatano Mbuthia akaja peke yake, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa unasema nyumba yako ni nzima."

"Marahaba. Ni nzima. Ule ufa ni mchoro."

"Mchoro?"

"Niliuchora mimi. Na ule wa jirani. Na ule wa..." Lenah alikohoa jikoni. "Na huu wangu," Kweyu akamalizia.

Mbuthia hakucheka wala hakukasirika. "Basi ufute nione."

Kweyu alipiga magoti kando ya beseni, akasugua. Masizi yakayeyuka, maji meusi yakamtiririkia kwenye kiwiko. Nyuma yake simu ya Mbuthia ililia, naye akageukia mlangoni kuipokea. Kweyu akasuuza kitambaa, akafuta mara ya mwisho.

Chini ya ufa kulikuwa na ufa.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, ukitoka kwenye kona ya dirisha na kuteremka hadi sakafuni, ukifuata kila kona aliyokuwa ameibuni yeye. Aliuwekea ukucha, ukucha ukazama. Hakujua ulianza lini. Mwaka hadi mwaka alikuwa amepitisha unyoya wake juu yake akijisifia mkono mzuri. Fundi wa mtaa mzima, anayeitwa kuziba kuta za watu, wa kwake hakuwahi kuutazama bila masizi.

"Imetoka, mzee?" Mbuthia aliuliza, akirudisha simu mfukoni.

Kweyu aliinuka, akageuka, akaegemea ukuta kwa mgongo wote. Shati likalowa.

"Imetoka."

"Hebu sogea kidogo nione."

Lenah alikuwa ameona. Alitoka jikoni na sinia, akajiweka katikati ya wanaume wawili kama mtu asiyejua anakoingia. "Mwanangu, huwezi kukagua nyumba ya watu ukiwa na njaa. Kaa. Hii ni chai ya kunywa, ile ya dari imeisha."

Mbuthia akacheka mwishowe. Akakaa. Alitazama ukuta pande zote mbili za mgongo wa Kweyu, uking'aa kwa usafi, na alikuwa na nyumba nyingi za kukagua. Alipomaliza chai akatoka, akaupaka ule msalaba wa mlangoni rangi nyeupe.

Milango ya majirani ikafunguka hapo hapo. Kabla ya magharibi, wanawake walikuwa wamepanga foleni ya mabeseni, Mama Munene mbele, kila mmoja akiomba naye akaguliwe tena. Kweyu aliosha kila ukuta aliokuwa ameuchora, Mbuthia akimfuata nyumba kwa nyumba. Kila aliposugua alishusha pumzi ukuta ulipotokea mtupu, na palipotokea kitu kingine alimwambia mwenye nyumba kwa sauti ya chini, naye akajibu kwa sauti ya chini zaidi, "Simama hapo mpaka mhandisi aende."

Bidii haikubomolewa. Kodi ilipanda. Na kwa kuwa nyumba zote zilithibitishwa kuwa imara, ofisi ilieleza kwamba mwaka huu haikuona haja ya kuutengea mtaa huo fedha za ukarabati.

Jumamosi Kweyu alirudi na mfuko wa simiti begani. Lenah alimpisha mlangoni.

"Na ukuta ukianguka kabla hujaukamilisha?"

"Ukuta wa baba hauanguki bila kupiga hodi."

"Umepiga hodi miaka yote hiyo," Lenah akasema, "nawe ukawa unaipaka masizi."

Kweyu alipiga magoti chini ya dirisha, akaanza kuupanua ule ufa kwa patasi, kama inavyotakiwa kabla ya kuziba, na kwa mara ya kwanza alitazama vizuri mkono wake unakokwenda.