Stimu ya Muriungi

Harufu ya kangara, ule mchanganyiko uliochachuka wa kupikia chang'aa, ikichemka ndiyo iliyokuwa ikituamsha mtaani kwetu Bulla Pesa, kali kama ndizi zilizooza zikapigwa na jua. Ilitoka kwenye ploti ya Muriungi, mpishi wa chang'aa. Mvuke ulipanda kutoka kwenye pipa lake, ukapita ndani ya bomba lililolala kwenye maji baridi, ukadondoka ndani ya chupa. Baba yangu, mbeba magunia, alirudi kutoka huko akiruka ngoma ya Kiturkana peke yake uani, mimi nikiwa mabegani, na majirani wakasema ako na stimu. Nilikuwa na umri wa kuuliza kila kitu. Stimu ni kulewa au ni kufurahi? Mama alisema ni kulewa. Baba alisema ni kufurahi, na niulize mtu yeyote isipokuwa mama.

Nilimuuliza Mzee Ekai, jirani aliyewahi kuchochea makaa kwenye gari la moshi. Alisema ni neno la Wazungu, maana yake mvuke wa maji, ule uliosukuma treni za zamani. Bila mvuke treni ni chuma tu, akasema. Ukijaa, inapiga honi na kupanda mlima. Watu wakaona mlevi anafanana nayo. Sijui kama ni kweli, shule sikufika mbali, lakini niliamini, kwa sababu mvuke wenyewe nilikuwa nauona ukiingia kwenye chupa.

Msimu ule kuni zilikuwa shida. Asubuhi moja hakukuwa na harufu wala moshi kwa Muriungi, na bado chupa ziliuzwa kama kawaida. Mama ndiye aliyegundua, Baba alipoleta chupa yake nyumbani.

"Baba Nakiru, hii imepikiwa wapi?" akauliza, akimwita kwa jina langu.

Baba akamwaga kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti, maana hivyo ndivyo wanywaji wote walivyopima. Moto ukawaka buluu.

"Si unaona? Imeiva," akasema, akanywa. Mimi nilikuwa nakohoa, akanipa vifuniko viwili, kwa kuwa kwetu hiyo ilikuwa dawa ya kifua.

Kesho yake jua likiwa juu, Baba aliuliza kwa nini hatujafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Kabla ya jioni akatutoka. Mimi nilibaki na jicho la kulia. La kushoto linaona kama kupitia moshi. Muriungi hakuwa amepika chochote, alikuwa amechanganya maji na spiriti ya kiwandani, ambayo nayo huwaka buluu. Namtaja. Namtaja pia Kirema, naibu wa chifu, aliyekuwa anachukua chake pale na kunyamaza.

Siku hizi vijana wana stimu ya mpira, ya muziki, hata ya kanisani. Neno limepona kuliko mimi. Muriungi amezeeka, anakaa viti vya mbele kanisani, na watu wanamsalimia kwa mikono miwili. Juzi mwanangu aliingia mbio, amepata kazi ya udereva.

"Mathe, leo niko na stimu."

Nikamwambia asogee. Nilimnusa mdomo kwanza, ndipo nikacheka naye.